Mwenyewe Yuko Wapi? Ubunifu na Uelewa wa Umma Kuhusu Dimensia

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wasanifu michoro, wauguzi na familia zinazoishi na dimensia, yaani kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kunakoletwa na magonjwa ya ubongo. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha. Palipohitajika nimezieleza kwa maneno.

Shikamooni wazee wetu. Wengine wote, habari za asubuhi.

Naanza na ninyi mnaoishi na dimensia, mliokubali kuja kuketi katika ukumbi wenye watu wengi na sauti nyingi. Najua kufika hapa tu ni kazi. Waandaaji wamezima muziki wa kukaribisha wageni na zile taa za kumulikamulika, nami nawashukuru kwa hilo. Mkitaka kutoka, tokeni wakati wowote. Mkitaka kunikatiza, nikatizeni. Walezi, mabinti na wana, wake na waume mliolala saa chache usiku wa kuamkia leo, karibuni. Wauguzi na madaktari, karibuni. Na ninyi wenzangu wa fani, wasanifu, wachoraji, wapiga picha, watengenezaji wa filamu na wa michezo ya simu, leo maneno yangu mengi yanawaelekea ninyi.

Nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka mlizoee. Kila mnapoona kazi ya ubunifu inayohusu dimensia, ulizeni: mwenyewe yuko wapi?

Tafuteni kwenye intaneti picha za dimensia. Mtakutana na kichwa cha binadamu kilichoundwa kwa vipande vya mchezo wa kuunganisha picha, na vipande vya upande wa nyuma vimedondoka. Mtakutana na mti wenye umbo la kichwa, majani yake yanapukutika na kuchukuliwa na upepo. Mtaona uso uliofutwa nusu. Mtaona mikono yenye makunyanzi imeshikana juu ya mapaja, na mpiga picha amekata kuanzia mabegani, kwa hiyo mikono ile haina mtu.

Zimechorwa vizuri, sikatai. Rangi zimekaa mahali pake, na mwalimu wa usanifu angetoa alama za juu. Lakini mwenyewe yuko wapi? Yule mama anayeimba kwaya bila kukosea ubeti, ingawa amesahau leo ni siku gani, yuko wapi? Yule mzee anayejua kutengeneza redio kuliko wanawe wote, yuko wapi? Yule mwalimu mstaafu anayekasirika, tena ana haki ya kukasirika, mwanawe anapomjibia mbele ya daktari, yuko wapi? Hawamo. Kilichomo ni kichwa, na kichwa chenyewe kinaisha.

Bango ni mwalimu, hata pale mchoraji alipokuwa hakukusudia kufundisha. Kichwa kinachodondoka vipande kinamwambia mtu aliyepewa majibu na daktari jana kwamba ameshaanza kuondoka. Kinamwambia jirani asihangaike kubisha hodi, hakuna mtu ndani. Kinamwambia mwana kwamba hana haja ya kumuuliza mama anataka nini, amuulize dada. Halafu sisi tunashangaa watu wanapowaficha wagonjwa wao vyumbani. Tumewafundisha wenyewe.

Tuangalie ukubwa wa jambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, na kila mwaka wanaongezeka wengine karibu milioni 10. Zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Muungano wa vyama vya Alzheimer duniani, yaani Alzheimer's Disease International, ulikusanya maoni mwaka 2019, na karibu watu 70,000 kutoka nchi 155 walijibu. Wananchi wawili kati ya kila watatu walisema dimensia ni sehemu ya kawaida ya uzee. Maoni yalipokusanywa tena mwaka 2024, wenye imani hiyo walikuwa asilimia 80. Miongoni mwa wahudumu wa afya na matunzo walikuwa asilimia 65.

Nirudie? Kutoka asilimia 66 hadi 80. Kwa miaka mitano. Na katika miaka hiyo mitano, yamechapishwa mabango mangapi? Zimetengenezwa video ngapi? Sisemi mabango ndiyo yaliyoongeza dhana hiyo. Sina ushahidi wa kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba hayakuizuia. Na sisi tunaolipwa ili tueleweke, takwimu hiyo inatuhusu kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Wazee wangu, naomba niliseme wazi, kwa sababu kuna ambao wameambiwa vinginevyo maisha yao yote. Dimensia si uzee. Ni jina la dalili zinazotokana na magonjwa yanayoharibu ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer ndio mkubwa wao. Unachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Kuna dimensia inayotokana na matatizo ya mishipa ya damu ya ubongo, kuna inayoitwa ya Lewy, na kuna inayoshika sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ambayo mara nyingi huanza kwa kubadili tabia ya mtu kabla hajasahau chochote. Umri unaongeza uwezekano wa kuugua, ndiyo. Lakini wapo wengi wanaovuka miaka 90 akili zao zikiwa timamu, na wapo wanaougua wakiwa na watoto wanaosoma shule ya msingi.

Tena zipo jamii ambako mtu anayepotea njia usiku au kuzungumza peke yake hudhaniwa mchawi. Watu wamepigwa kwa sababu hiyo. Watu wameuawa. Kwa hiyo tusidhani uelewa wa umma ni jambo la kupendezesha mikutano. Pengine ndio unaoamua kama mtu ataamka kesho.

Sasa nataka niwapeleke mwanzo kabisa wa habari hii.

Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza mwanamke aliyeitwa Auguste Deter. Auguste alikuwa na miaka 51. Miaka 51, ndugu zangu! Mgonjwa ambaye kwake ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza hakuwa hata amefika umri wa kustaafu, na bado leo watu wanane kati ya kumi wanasema ni mambo ya uzee tu.

Daktari alimuuliza maswali, akaandika majibu kama yalivyotoka. Jina lako nani? Mume wako anaitwaje? Alimwonyesha vitu, akamuuliza vinaitwaje, na baada ya muda mfupi akamuuliza tena alionyeshwa nini. Alimwomba aandike jina lake. Auguste alianza, akashindwa kumaliza. Na katika kumbukumbu zile yamo maneno yake, kwamba amejipoteza.

Auguste alifariki mwaka 1906, na mwezi Novemba mwaka huohuo Alzheimer akaueleza ugonjwa wake mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Mwaka 1910 daktari Emil Kraepelin akaupa ugonjwa jina la Alzheimer. Jina la daktari likaenea dunia nzima. Jina la mgonjwa likafupishwa kuwa Auguste D. Jalada lake likapotea machoni pa watu kwa miongo mingi, mpaka lilipopatikana tena mwaka 1995.

Kwa nini nawaeleza haya wasanifu? Kwa sababu jalada lile lilipofunguliwa, kilichowagusa watu ni sauti. Mwanamke anajibu maswali, anachanganyikiwa, anajua kwamba kuna kitu kimekosekana, na anakitaja. Kama daktari angeandika tu kwamba mgonjwa amepungukiwa na kumbukumbu, leo tusingemjua. Aliandika maneno yake. Hapo mwenyewe yupo.

Miaka mingi baadaye mtu mwingine alituachia ushahidi, safari hii kwa brashi. William Utermohlen alikuwa mchoraji Mmarekani aliyeishi London. Mwaka 1995 aliambiwa ana Alzheimer. Akaanza kujichora. Mwaka baada ya mwaka alijitazama kwenye kioo na kujichora: uso wenye hofu, uso wenye hasira, mistari inaanza kukosa mahali pake, macho yanazama, mpaka zile za mwisho ambazo kichwa kimebaki umbo tu.

Michoro ile imesambazwa sana, na mara nyingi hupangwa kwa mstari mmoja ili mtazamaji aone jinsi mtu alivyoporomoka. Mimi naiona tofauti, na naomba mnivumilie hapa. Mtu yule aliendelea kufanya kazi. Mkono wake ulipokataa kuchora kama zamani, alibadili namna ya kuchora. Kuna siku rangi zake zilikuwa kali kuliko za ujana wake. Ukiitazama michoro ile kama kipimo cha ugonjwa, utaona kinachopungua. Ukiitazama kama kazi ya mchoraji, utaona mtu aliyekataa kumwachia mwingine nafasi ya kumchora. Nani angeweza kututolea habari ile akiwa nje? Mchoraji gani mwenye afya angeweza kuchora hofu ile? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuje kwenye kazi inayohusu kueleza. Uingereza ina mpango uitwao Dementia Friends, ulioanza mwaka 2013, unaowakusanya watu wa kawaida kwa muda mfupi na kuwafundisha jinsi ya kuishi vizuri na jirani mwenye dimensia. Katika mafunzo yale hutumika mfano ambao naupenda kuliko michoro yote ya vichwa niliyoitaja. Fikiria kabati la vitabu. Rafu ya juu ina kumbukumbu za karibuni: ulichokula asubuhi, nani alikuja jana. Rafu za chini zina za zamani: ndoa, kazi ya kwanza, shule, utoto. Kabati likitikiswa, vitabu vya juu ndivyo vinavyoanguka kwanza. Ndiyo maana mama anakumbuka wimbo aliofundishwa darasa la kwanza na hakumbuki kwamba ulimpigia simu saa moja iliyopita. Lakini pembeni kuna kabati la pili, la hisia, na lenyewe ni imara zaidi. Linatikisika kidogo sana.

Mmeona kazi ya kabati lile la pili? Linamwambia mwana aliyekata tamaa kwamba ziara yake haikuwa bure. Mama atasahau kwamba ulikuja. Furaha uliyomletea inabaki naye baada ya wewe kuondoka. Na ukimfokea, atasahau ulichosema, ila moyo wake utabaki mzito jioni nzima bila yeye kujua sababu. Mfano mmoja umemweleza msikilizaji ugonjwa unavyofanya kazi, na papo hapo umemwambia la kufanya. Kichwa kinachopukutisha majani kinamwambia afanye nini? Hakuna.

Habari ninayotaka kuikalia zaidi leo inatoka Tokyo, Japani.

Mwaka 2017 ulifunguliwa pale, kwa siku chache tu, mgahawa ulioitwa Mgahawa wa Maagizo Yaliyokosewa. Mwanzilishi wake ni Shiro Oguni, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni. Wazo lilimjia akiwa kazini, akirekodi katika nyumba wanamoishi watu wenye dimensia. Aliambiwa mchana kutakuwa na chakula fulani; kilicholetwa kikawa kingine kabisa. Akataka kusema kuna kosa. Kabla hajafungua mdomo akatazama pembeni: wenzake wote wanakula kwa raha, hakuna anayeshangaa. Akanyamaza, akala. Akabaki na swali kichwani: kama kila aliyeketi mezani ameridhika, kosa ni la nani?

Katika mgahawa wake wahudumu walikuwa watu wenye dimensia. Tazameni usanifu uliofanyika kabla mteja hajavuta kiti. Jina limeshamwambia kwamba huenda akaletewa asichoagiza. Nembo ina ulimi mdogo uliochomoza, namna Wajapani wanavyoonyesha kwamba nimeteleza kidogo, niwie radhi. Orodha ya vyakula ilikuwa fupi, ili mhudumu asilemewe. Na waanzilishi walijiwekea masharti mawili ambayo kila mbunifu anapaswa kuyajua. La kwanza, mgahawa uwe mzuri na chakula kiwe kitamu kweli, watu wasije kwa huruma. La pili, makosa yasipangwe. Akikosea, amekosea, asipokosea, vema.

Ni nani aliyebadilika pale? Mhudumu alikuja na ugonjwa wake na akaondoka nao. Aliyebadilika ni mteja. Mtu yuleyule ambaye kwingine angegonga meza na kumwita meneja, pale aliletewa asichoagiza akacheka, akabadilishana sahani na jirani asiyemjua, akaanza mazungumzo. Jina na nembo vilikuwa vimemwandaa. Huo ndio ubunifu ninaouzungumzia.

Nimewahi kuulizwa na mlezi mmoja, kwa uchungu, kama huko si kumfanya mgonjwa kichekesho. Swali la haki kabisa, na mtu akiliuliza asinyamazishwe. Nami najibu hivi: angalia nani amesimama na nani ameketi. Mwenye dimensia amevaa aproni, ana kazi, anashukuriwa na watu wanaohitaji alicholeta. Wanaocheka wanacheka naye, kwa sababu waliingia wakijua. Lakini ichukue kazi hiyohiyo, irekodi kwa siri, iweke kwenye simu za watu na maandishi ya kuchekesha juu yake, na jibu langu linageuka papo hapo. Ridhaa ndiyo inayotofautisha.

Japani hiyohiyo, mwaka 2005, ilianzisha mafunzo mafupi ya kuwaandaa wananchi kuwa wasaidizi wa watu wenye dimensia. Aliyemaliza mafunzo alivalishwa bangili ya rangi ya chungwa, na waliofunzwa wamepita milioni 10. Nawaambia wasanifu wa nembo: bangili ile ina nguvu kwa sababu nyuma yake kuna kitu ambacho mvaaji amejifunza. Tunayo maua, tunayo rangi ya zambarau, tunayo utepe wa shingoni wenye alizeti ulioanzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016, wa watu wenye ulemavu usioonekana. Vyote vizuri, ilimradi anayeuona ajue afanye nini. Alama ambayo mhudumu wa dirishani hajafundishwa maana yake inamwacha mwenye kuivaa pale alipokuwa.

Vijana wa michezo ya simu, nanyi nisiwasahau. Mwaka 2016 ulitolewa mchezo uitwao Sea Hero Quest, uliobuniwa na watengenezaji wa michezo pamoja na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Uingereza. Mchezaji ni baharia, mtoto wa baharia mwingine ambaye kumbukumbu zake za safari zinapotea, na anasafiri kuzitafuta. Anaonyeshwa ramani, ramani inaondolewa, kisha anaendesha chombo kwa kukumbuka njia. Kwa nini njia? Kwa sababu kupotea mahali unapopajua ni miongoni mwa dalili za mapema za Alzheimer, na wanasayansi walitaka kujua uwezo wa kawaida wa watu wa kutambua njia ukoje, wa umri mbalimbali na wa nchi mbalimbali. Zaidi ya watu milioni 4 walicheza. Hakuna maabara inayoweza kukusanya watu wengi namna ile. Hapo umma haukuhubiriwa. Ulipewa kazi, ukaifanya, na ukiwa kazini ukajifunza kwamba ugonjwa huu ni zaidi ya kusahau majina.

Na hilo la zaidi ya kusahau majina ndilo linalonileta kwenye macho. Wengi hawajui kwamba dimensia inaweza kubadili namna mtu anavyoona. Zulia jeusi mlangoni linaweza kuonekana kama shimo, na mzee anakataa kulikanyaga. Familia inasema amekuwa mkaidi. Sakafu inayong'aa inaonekana imelowa. Choo cheupe chenye ukuta mweupe na sakafu nyeupe hakionekani kabisa. Familia inasema ameanza kujisaidia ovyo. Chakula cheupe kwenye sahani nyeupe kinamezwa na sahani. Familia inasema amekataa kula. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo yao baada ya kuwawekea wagonjwa wa Alzheimer iliyokomaa vyombo vya rangi kali badala ya vyeupe. Wagonjwa walikula robo zaidi, na walichokunywa kiliongezeka kwa asilimia 84. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini fikirieni ni walezi wangapi wamelia jikoni kwa sababu ya rangi ya sahani.

Mbunifu wa Taiwan, Sha Yao, ambaye bibi yake aliugua Alzheimer, alibuni vyombo vya mezani kwa kufuata ujuzi huo: ndani vina rangi ya buluu ili chakula kionekane, na bakuli limeinamia upande mmoja ili chakula kijikusanye chenyewe mahali kijiko kinapofika. Kazi yake ilishinda shindano la usanifu la Stanford mwaka 2014. Mnaona? Bakuli nalo ni kampeni. Mgeni anayeliona mezani atauliza kwa nini liko hivi, na jibu litamfundisha yale ambayo asingeyasoma kwenye kipeperushi.

Kuna kazi moja maarufu ambayo moyo wangu haujatulia juu yake, na nitawaambia hivyohivyo. Huko Düsseldorf, Ujerumani, nyumba ya wazee iliweka nje kituo cha basi ambacho basi halifiki. Benchi, kibao, kila kitu. Wakazi wenye dimensia waliotaka kwenda nyumbani waliketi pale, wakatulia, na baada ya muda muuguzi akaja kuzungumza nao na kuwarudisha ndani. Naelewa kwa nini waliofanya hivyo walifanya: mbadala wake ni mlango uliofungwa kwa kufuli, au mtu barabarani usiku. Lakini ni uongo uliojengwa kwa chuma. Mzee anayesema nataka kwenda nyumbani mara nyingi anasema naogopa, nimechoka, simjui mtu hapa. Afadhali muuguzi akaketi naye benchini tangu mwanzo. Wapo walezi humu watakaonipinga, na wana uzoefu kuliko mimi, nataka kuwasikia.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mwenyewe yuko wapi? Katika kikao kimoja cha kupitia bango, mzee mmoja mwenye dimensia aliwekewa mezani picha ya uso uliofifishwa kwa rangi ya kijivu. Aliitazama muda mrefu, akauliza huyu alikufa lini. Akaelezwa kwamba hajafa, ni mtu mwenye ugonjwa kama wake. Akasema basi mngemwacha na rangi zake. Bango lile halikuchapishwa. Lililochapishwa lilikuwa na mwanamke aliyevaa miwani, anacheka, rangi zake zote zipo, na chini yake maneno aliyoyachagua mwenyewe: kwamba aulizwe yeye, na asubiriwe ajibu.

Kate Swaffer, Mwaustralia aliyeambiwa ana dimensia kabla hajafika miaka 50, ni mmoja wa walioanzisha mwaka 2014 umoja uitwao Dementia Alliance International, ambao wanachama wake ni watu wenye dimensia wenyewe. Msimamo wao ni kwamba lisiamuliwe lolote juu yao bila wao. Kwa sisi wabunifu maana yake ni ya kazi kabisa. Kikao kiwe kifupi, kiwe saa ambazo mtu ana nguvu, na kwa wengi ni asubuhi. Watu wachache, chumba kimya. Swali moja kwa wakati. Karatasi mkononi, isiwe picha inayopita ukutani na kutoweka. Subirini jibu, hesabuni pumzi zenu kama ni lazima. Ridhaa iombwe siku ya kwanza, iombwe tena siku ya kupiga picha, na iombwe tena kabla ya kuchapisha, kwa sababu aliyekubali mwezi uliopita huenda leo hakumbuki alikubali nini. Na walipwe. Mshauri mwingine yeyote wa kampeni hulipwa.

La mwisho linahusu mahali bango linapompeleka msomaji. Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia ambayo yanaweza kushughulikiwa, na kusema kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kukingwa au kucheleweshewa ugonjwa. Yamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, usikivu uliopungua, macho yasiyotibiwa, upweke, elimu duni ya utotoni, hata hewa chafu. Habari hiyo inastahili kuchorwa kwa herufi kubwa. Ila chungeni: mengi kati ya hayo mtu hakuyachagua. Hakuna aliyechagua kukosa shule wala kuvuta hewa chafu. Bango likisema ungeweza kujikinga, aliyekwisha kuugua atasikia kwamba umemlaumu. Mwambieni msomaji akapime shinikizo la damu, akapime masikio, na mtajieni mahali pa kupimwa. Mlezi naye ataliona bango lilelile. Awekewe namba ya kupiga, na namba hiyo ipokewe na mtu. Kabla ya kuchapisha, ipigeni wenyewe, usiku, msikie kama kuna anayejibu.

Pale mlangoni kuna meza yenye mabango matatu ambayo bado hayajakwenda kwa mchapaji. Baada ya mapumziko yatapitiwa kwanza na ninyi mnaoishi na dimensia, kisha walezi. Kalamu nyekundu zipo. Futeni, andikeni juu yake, kataeni. Sisi wasanifu tutakaa viti vya nyuma na madaftari yetu.

Asanteni sana.